Ng'ombe 40, na bado naitwa maskini?

Mbukwenyi, wasomaji wa Sanduku la Shangazi. Mwezi huu barua nyingi zimezunguka jambo lile lile: nani hasa ni maskini, na nani kapewa mamlaka ya kusema hivyo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa miaka mingi, Bahi na Chamwino, na mwandishi wake nimekutana naye kwenye kila kijiji, jina tu ndilo hubadilika.

*

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mfugaji, wilaya ya Chamwino, umri miaka 52. Juzi walipita vijana wawili na vishikwambi, wanaandika kaya. Nilijua wataniuliza mifugo, nikawa nimeshajiandaa kupunguza hesabu kidogo. Hawakuuliza. Waliuliza maji tunachota wapi na inachukua muda gani, choo ni cha namna gani, tunapikia nini, sakafu ikoje, nani kafika darasa la ngapi, na kama kuna mtoto wa umri wa shule asiyekwenda. Nina ng'ombe 40, mbuzi sitaji. Nina redio, simu, mkokoteni wa punda na sola ya taa tatu. Binti yangu mkubwa kamaliza kidato cha nne. Mvulana wa miaka 11 ndiye anayechunga, kwa sababu shule iko mbali. Baadaye mwenyekiti wa kitongoji akanitania kwamba kwa majibu yale mimi ni maskini. Sikucheka. Inawezekanaje?*

Marahaba, kaka yangu. Tupige hesabu pamoja, maana mtu anayepunguza ng'ombe kabla hajaulizwa ni mtu anayejua namba zake.

Maswali uliyoulizwa yanafanana sana na ya kipimo kilichotolewa mwaka 2010 na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Njia ya kuhesabu ilibuniwa na Sabina Alkire na James Foster. Hakiulizi mfukoni una nini. Kinauliza nyumbani kwako watu wanakosa nini. Kina mambo 10 katika makundi 3: afya, elimu na hali ya maisha. Ukitaka kuyahesabu bila kuumia kichwa, chukua alama 18. Lishe ina 3, kifo cha mtoto katika miaka mitano iliyopita kina 3. Elimu nayo ni hivyo hivyo: kama hakuna hata mmoja nyumbani aliyemaliza miaka sita ya shule ni 3, na kama kuna mtoto wa umri wa shule asiyekwenda ni 3. Yaliyobaki ni sita, kila moja alama 1: maji, choo, nishati ya kupikia, umeme, nyumba na vifaa vya nyumbani. Kaya inayokusanya alama 6 kwenda juu, yaani theluthi, huandikwa maskini. Ikifika 9, nusu, huandikwa maskini wa kupindukia.

Sasa twende kwako. Lishe na afya, tuseme nyumba yako iko salama, maziwa mnayo. Binti wa kidato cha nne anakukinga kwenye miaka ya shule, alama hiyo huipati. Sola inakukinga kwenye umeme. Redio, simu na mkokoteni vinakukinga kwenye vifaa. Na hapa utashangaa: mkokoteni umo kwenye orodha yao ya vifaa, ng'ombe hawamo. Ng'ombe wako 40 hawana hata nusu alama. Mimi nasema wazi, hilo ni pengo. Kipimo hiki hutumika katika nchi zaidi ya 100, na aliyekaa kuandika orodha ya redio, friji na pikipiki hakuwa anafikiria Ugogo, ambako ng'ombe ndiye benki, ndiye mahari, na mvua zikigoma ndiye gunia la mahindi. Kwa hilo nakuunga mkono.

Lakini usishangilie bado. Yale ambayo hukuyaandika nayakisia kwa jinsi ninavyovijua vijiji vyenu. Maji: mnachota korongoni, alama 1. Choo mnachochangia na kaka yako, alama 1. Kuni, 1. Tembe yenye sakafu na paa la udongo, 1, hata iwe imara kiasi gani. Hizo 4. Mvulana anayechunga, 3. Jumla 7 kati ya 18. Mwenyekiti wako alikuwa sahihi, ingawa nadhani alibahatisha.

Mrudishe yule mvulana darasani uone. Hujajenga, hujachimba kisima, hujauza hata mbuzi mmoja, na tayari umeshuka hadi 4. Bado uko ukingoni, kwa sababu wanaoanzia moja ya tano ya alama hadi kabla ya theluthi huandikwa kuwa wako hatarini kutumbukia, lakini neno maskini limeshatoka mlangoni kwako. Nyumba nzima yenye ng'ombe 40 imesimama juu ya mabega ya mtoto wa miaka 11.

Usiniambie ni umbali tu. Umbali ni kweli, nimeutembea mimi mwenyewe, na jua la Oktoba huku kwetu halina huruma. Ila binti ulimpeleka hadi kidato cha nne, basi njia ilikuwepo. Nilichoona kikifanya kazi ni wafugaji watatu wanne kuunganisha makundi na kuchunga kwa zamu, watu wazima, au kumlipa mchungaji mmoja kwa pamoja. Na kwa vile mvulana ameshachelewa, nenda kwa mwalimu mkuu umuulize habari za MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Umewekwa hasa kwa watoto kama wako, na kundi la kwanza ni la miaka 11 hadi 13. Usisubiri afike 14. Ada ya shule ya msingi si kisingizio tena, ingawa najua sare na madaftari havidondoki mbinguni.

Kitu kingine. Barua yako ina ng'ombe, mbuzi, punda, redio, binti na mvulana. Mkeo hayumo. Uliandika "tunachota", lakini sidhani kama wewe unachota. Mwezi wa kumi nimekaa na akina mama kwenye korongo kama lako. Mchanga wa juu umekauka, wanachimba kwa jembe na kwa mikono hadi shimo linafika kiunoni, halafu mmoja anashuka ndani na kata. Maji yanatoka taratibu kutoka pembeni, kata inapata robo, anamimina ndooni kupitia kitambaa, anasubiri tena. Waliofika wa mwisho wanakaa kivulini mpaka shimo lijae upya. Na mara nyingine ng'ombe wamefika kabla yao. Kipimo kimeandika hapo "dakika 30 au zaidi kwenda na kurudi" na kikakupa alama 1, sawa na nyumba isiyo na umeme. Ningekuwa na kalamu yao ningeipa maji zaidi. Yale masaa ndiyo yangekuwa bustani ya mboga, kikao cha vikoba, au usingizi tu, na usingizi nao ni mali.

Mwanauchumi Amartya Sen, mzaliwa wa Bengal huko India, ndiye aliyelishikilia swali hili kuliko wote: mtu anaweza kufanya nini, na kuwa nani, kwa hivyo alivyonavyo? Alipata Nobel ya uchumi mwaka 1998. Akiwa mtoto aliiona njaa ya Bengal ya 1943, na baadaye akaonyesha kwamba chakula hakikutoweka kabisa, ila watu wengi walipoteza uwezo wa kukipata. Wagogo hawakuhitaji kusubiri Nobel kulijua hilo. Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume kubeba mizigo. Mtu alikuwa na zizi mwaka mmoja, mwaka uliofuata anachemsha mizizi.

Kwa hiyo kaka, wewe una mali. Mali hiyo haijageuka kuwa shule kwa mvulana wala nafuu kwa mama yake, na hicho ndicho walichokiandika wale vijana. Dume mmoja, kabla ya kiangazi, anaweza kuwa choo na tenki dogo la kuvunia maji, ingawa kwa tenki utahitaji bati juu ya sehemu ya tembe. Zungumza na mkeo dume gani.

*

*Shangazi, shikamoo. Nasoma kidato cha sita Kondoa, mchepuo wa uchumi. Tumeulizwa kwa nini pato la taifa ukiligawa kwa idadi ya watu halitoshi kupima maendeleo. Nisaidie nipate maksi.*

Marahaba. Mimi si kituo cha masomo ya jioni, lakini nitakupa pa kushikia.

Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Kigezo kilikuwa wastani wa pato kwa kila mtu kuzidi kidogo dola 1,000 kwa mwaka. Wastani ule unamjumlisha mwenye mabasi ya kwenda Dar na bibi anayeuza karanga kituoni anapopanda mteja wake, halafu unawagawia sawasawa kwenye karatasi. Bibi hajui kama amegawiwa.

Mwaka 1990 UNDP ilitoa ripoti ya kwanza ya maendeleo ya binadamu. Aliyeisimamia alikuwa Mahbub ul Haq wa Pakistan, na Sen niliyemtaja juu alikuwa rafiki yake tangu ujana na alishiriki. Walitengeneza kipimo chenye pande tatu: mtu anatarajia kuishi miaka mingapi, elimu (mwanzoni ilipimwa kwa kujua kusoma na kuandika, siku hizi kwa miaka ya shule), na pato. Mambo mawili yatakupa maksi ambazo wenzako hawatapata. Moja, pato halihesabiwi shilingi kwa shilingi. Nyongeza kwa mwenye kidogo ina uzito kuliko nyongeza ile ile kwa tajiri. Pili, tangu 2010 zile pande tatu hazijumlishwi tena na kugawanywa kwa tatu, bali huzidishwa kisha unatafuta kipeuo cha tatu, ili nchi yenye fedha nyingi isifunike kwa urahisi aibu ya hospitali zake.

Na usiandike kana kwamba wazo hili lilishuka kutoka New York. Mwalimu Nyerere alitaja maadui ujinga, maradhi na umaskini tangu mwanzo wa uhuru. Ziangalie zile pande tatu za 1990 kisha uwaangalie maadui wale watatu. Azimio la Arusha la 1967 nalo lilisema fedha ni matokeo ya maendeleo, siyo msingi wake. Kama mwalimu wako ni wa umri wangu, hapo atatabasamu.

*

*Shangazi, nauza chakula karibu na Sabasaba hapa Dodoma mjini. Nina watoto watatu, baba yao hayupo. Siku nzuri nabaki na 12,000. Nimesikia redioni kwamba mwenye matumizi yanayozidi shilingi 49,320 kwa mwezi si maskini. Basi mimi ni tajiri? Natoka saa 10 usiku, narudi saa 2 usiku nanuka moshi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wa kwanza wangu ana miaka 12, ndiye mama wa wenzake.*

Pole sana mwanangu, na hongera. Ile namba ni ya kweli, ila redio imeikata mkia. Inatoka kwenye utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, na ni bei za wakati ule. Ni kwa kila mtu mzima, watoto wakihesabiwa pungufu kulingana na umri. Ukiigawa kwa siku 30 unapata kama 1,644. Ndani yake chakula peke yake ni 33,748, kiasi cha mtu kupata kalori 2,200 kwa siku. Kwa mstari huo, asilimia 26.4 ya Watanzania Bara walikuwa chini yake. Na kinachopimwa ni matumizi, pamoja na kile mtu anachokula kutoka shambani kwake. Ndiyo maana mkulima wa Mpwapwa asiyeshika noti kwa miezi anaweza kuwa juu ya mstari.

Wewe uko juu. Hujawa tajiri. Mstari ule unajibu swali moja tu: je, mtu huyu anakula na kujisitiri? Hauulizi unalala saa ngapi. Hauulizi kitatokea nini ukiugua wiki moja, wakati mapato yako yote yanatoka kwenye miguu yako. Hauulizi mtoto wa miaka 12 anafanya kazi ya nani. Mtu mwenye 12,000 za leo na asiye na uhakika wa kesho, na mtu mwenye 8,000 za mshahara kila siku pamoja na bima, mimi najua nani analala usingizi.

Ningeanza na bima kabla ya chochote. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kwa hiyo pita ofisi ya mtendaji wa mtaa ukaulize utaratibu na kiwango cha sasa. Kodi, jaribu kukubaliana miezi mitatu, na mwandikishiane. Wengine hukubali wakiona mpangaji anayelipa bila kusukumwa. Kuhusu moshi, mkaa unaounguza kutwa unakula kifua chako na faida yako pia. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034, lakini kifua chako hakitasubiri 2034. Anza na mtungi wa gesi kwa vitu vya haraka, chai na mayai, uache mkaa kwa maharage.

Yule binti wa miaka 12 muangalie sana. Ukiona madaftari yake yana kurasa nyeupe nyingi, punguza asubuhi mbili kwa wiki hata kama faida itashuka.

*

*Shangazi, shikamoo. Niko Kongwa. Bibi yetu amepofuka kwa vikope, na mdogo wangu wa miaka 9 ndiye humshikia fimbo kila aendako. Kaka yuko Dar, hutuma pesa kila mwezi, hajawahi kukosa. Lakini nyumbani hali haibadiliki. Pesa inakwenda wapi?*

Marahaba, mjukuu. Pesa haijaibwa, usigombane na mtu. Inakwenda kwenye unga, dawa na vocha, na mwezi unaisha. Tatizo lenu limeanza mahali ambapo pesa ya mtu mmoja haifiki.

Vikope, au trakoma, ni ugonjwa wa bakteria. Hupita mikononi, kwenye khanga ya kufutia uso, na kwa nzi wanaotua kwenye macho ya watoto. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, kope la ndani hupata makovu, na miaka mingi baadaye nywele za kope hugeuka ndani na kukwangua jicho hadi linaweka ukungu. Wanawake huumia zaidi, kwa sababu wao ndio hukaa na watoto. Kongwa imechunguzwa na watafiti kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Dawa ya kumeza ipo na hugawiwa kwa kijiji kizima, kwani ukitibu mmoja jirani atamrudishia. Na uso lazima unawe. Uso unanawa vipi mahali ambapo ndoo moja ni safari ya asubuhi nzima? Kila mtu hutunza maji ya kupikia kwanza.

Umeona mnyororo: maji yakawa mbali, bibi akawa kipofu, sasa mtoto wa miaka 9 hayuko shule. Kaka atatuma tena mwezi ujao na mnyororo utakuwa pale pale. Bomba la kijiji hanunui mtu peke yake. Hapo ni mkutano wa kijiji, chombo cha watumia maji, diwani, na RUWASA, wakala wa maji vijijini. Mwambie kaka kwamba simu moja kwa diwani, na mchango wake siku kijiji kikichangia, vina kazi ambayo kutuma unga haina.

Lakini bibi msimwache hivi hivi kwa kuwa mmeshaamua ni vikope. Wazee wengi huwa na mtoto wa jicho, na huo hufanyiwa upasuaji na mtu akaona tena. Kama kweli ni vikope, upasuaji mdogo wa kope unazuia nywele zisiendelee kukwangua, ingawa uoni uliokwishapotea haurudi. Hilo ataamua daktari wa macho. Hospitali ya Mvumi ina historia ndefu ya kutibu macho, na mara kwa mara timu za macho hupita vituo vya afya vya wilayani. Mganga mfawidhi wa kituo chenu atajua ratiba. Mwezi huu pesa ya kaka itumike kwa nauli ya bibi na ya mtu mzima mmoja wa kumsindikiza. Mtu mzima, mjukuu. Mdogo wako apelekwe shule Jumatatu hiyo hiyo, na fimbo ashike mwingine.